Buti namba 37 saiti ya barabara: usikubali soksi tatu

Mdogo wangu, umesema unaripoti wiki ijayo kwa mkandarasi wa barabara, unavaa namba 37, na stoo wamekwambia buti ndogo kabisa waliyonayo ni 41. Kwenye maoni wapo waliokushauri uvae soksi tatu. Nakuomba usifanye hivyo.

Mimi nilianza mwaka 2013 mkoani Singida, nikishika bendera ya kuongoza magari. Nilipewa buti namba 42, nikajaza soksi na gazeti. Mwezi wa pili lori la kokoto lilirudi nyuma, nikaruka pembeni. Mguu ukaja, buti likabaki kwenye tope. Niliangukia mtaroni, kifundo kikateguka, nikakaa nyumbani wiki tatu. Kwenye ripoti fomeni aliandika "uzembe wa mfanyakazi". Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kila mtu pale saiti alikuwa akiniona ninavyoburuta miguu.

Buti lenye chuma mbele si kama raba. Chuma hakitanuki wala hakikunjiki. Likiwa kubwa, mahali linapokunjika hapakutani na mahali mguu wako unapokunjika, na ukingo wa chuma unakukata juu ya vidole kila unapochuchumaa. Soksi haziondoi hilo, zinaongeza joto na malengelenge tu.

Pima unyayo jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutwa nzima. Kanyaga karatasi, weka alama kwenye kisigino na kwenye kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima kwa sentimita. Pima miguu yote miwili, ufuate ulio mrefu. Namba zinatofautiana kiwanda hadi kiwanda, lakini sentimita hazikudanganyi. Ndani ya buti tafuta maandishi EN ISO 20345, yaani kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, na kwa kazi ya barabara chukua daraja la S3: hiyo ina kinga ya msumari kwenye soli, na soli yenyewe ina meno.

Kariakoo maduka ya vifaa vya ujenzi mengi yanaanzia 39 au 40, ila ukiuliza mapema wapo wanaoweza kukuletea 36 au 37 kwenye mzigo unaofuata. Mimi yangu ya kwanza iliyonikaa sawasawa niliipata kwenye soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, buti la kike kabisa, shilingi 45,000. Ila mtumba una hatari yake. Soli nyingi za buti hizi ni za poliyurethani, nayo huoza kwa umri hata kama buti halijavaliwa. Angalia mwezi na mwaka wa kutengenezwa uliogongwa kwenye buti, likunje kwa nguvu, bonyeza soli kwa ukucha. Ikimeguka kama mkate mkavu, liache hapohapo.

Ovaroli ya kipande kimoja kwa mwanamke ni mateso. Kwenda chooni lazima uvue mpaka kiunoni, tena kwenye choo cha mabati kisicho na msumari wa kutundikia. Nimewaona wenzangu wakiacha kunywa maji kutwa kwa ajili hiyo, kwenye jua la Singida! Omba koti na suruali. Fundi cherehani anaweza kupunguza ubavuni na kufupisha mikono ya koti, na mikono ifanyie haraka maana ikining'inia karibu na mashine ya zege inavutwa. Mwambie tu asikate wala kukunja mistari inayong'aa usiku. Aitoe, apunguze nguo, airudishe ikizunguka mwili kamili.

Helmeti haina shida kubwa, kaza gurudumu la nyuma. Ila nywele za kufunga juu huinyanyua, kwa hiyo mimi nasuka twende kilioni. Anayejitanda avae mtandio mwembamba wa pamba, bila pini wala fundo chini ya mkanda.

Haya yote usiyabebe peke yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Andika barua kabla hujaripoti: urefu wa unyayo, kifua, kiuno, nyonga, saizi ya glavu. Nakala mpe afisa usalama, nyingine baki nayo wewe, iwe imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kwenye mradi niliopo sasa tulijipima wanawake 6, tukapeleka orodha moja, buti zikafika baada ya wiki tano. Ukijumlisha wenzako, mnunuzi hana pa kusema "ni mmoja tu".

Wakati unasubiri, omba upangiwe kazi mbali na mitambo. Na ukishapima unyayo, weka sentimita hapa. Jumamosi nitakuwa Kariakoo, nitakuulizia.