Tawi la wahandisi mkoani lina kazi gani? Jibu langu kwa mhitimu anayesita kujiunga

Mleta mada, umesema umemaliza shahada ya ujenzi, umeanza mafunzo kazini, na mwenzako wa saiti anakushawishi ujiunge na tawi la chama cha wahandisi hapo mkoani. Unauliza kama kuna cha maana au ni kulipa ada na kupiga picha za pamoja. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: wengine wanasema jiunge upate koneksheni za kazi, wengine wanasema hela hiyo bora ununue buti. Mimi dada yako niko kwenye tawi la Kanda ya Ziwa huu mwaka wa 12. Naomba nijibu kwa kirefu, maana swali hili linanigusa.

Kwanza tusichanganye mambo, kwa sababu naona humu watu wanaichanganya Bodi na chama. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ni chombo cha serikali. Ilianza kwa sheria ya mwaka 1968, na sheria iliyochukua nafasi yake ni ya 1997. Hapo hakuna hiari, bila usajili huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi. Mafunzo kazini ya miaka mitatu unayoyafanya sasa, SEAP, ni mpango wa Bodi ulioanza 2003. Taasisi ya Wahandisi, IET, ni chama cha hiari cha wahandisi wenyewe. Ndugu zetu wa Kenya nao wana mgawanyo huohuo: bodi yao ni EBK, na chama chao ni IEK, ambacho mizizi yake ni chama cha wahandisi wa Afrika Mashariki cha mwaka 1945. Kwa hiyo usipojiunga na chama hakuna atakayekufukuza kazi. Swali ni utakosa nini.

Nitakueleza nilichokipata mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo, saiti ya ghorofa nne, mkandarasi sitamtaja. Zege la nguzo lilikuwa daraja 25, yaani mchemraba wa majaribio wa zege hilo, milimita 150 kila upande, ukiwa na siku 28 usipasuke kabla ya kubeba kilonyutoni 562 hivi, sawa na nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Kwa siku 7 unatarajia kama theluthi mbili ya hiyo 25, yaani 16 au 17. Matokeo yetu ya siku 7 yakarudi kutoka maabara: 12.8, 13.5 na 13.1. Nikampelekea bosi wangu. Akaniambia saruji ya siku hizi inachelewa kukaza, tusubiri siku 28. Sawa, lakini ratiba ukutani ilionyesha jamvi la juu, yaani sakafu ya zege inayokaa juu ya nguzo hizo, linamwagwa baada ya siku kumi. Yaani tunapandisha mzigo juu ya nguzo ambazo hatujui zina nini ndani. Usiku silali. Kazini sina wa kumuuliza, kwa sababu kila ninayeweza kumuuliza analipwa na mtu yuleyule.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikaenda kwenye kikao cha tawi. Kilikuwa cha pili tangu nijiunge. Tulikuwa watu 14 kwenye ukumbi wa kuazima, mada ya siku hiyo mifereji ya maji ya mvua. Ilipofika "mengineyo" nikasimama na karatasi yangu. Sikutaja mradi wala kampuni, nikasoma namba tu.

Mzee mmoja, mhandisi mstaafu wa mambo ya maji, hakuniuliza chochote kuhusu saruji. Aliniuliza, "Binti, hiyo michemraba usiku wa kwanza ililala wapi?"

Sikujua. Akauliza tena, "Nani aliishindilia? Kwa chuma gani? Mara ngapi?" Hayo nayo sikuyajua. Hakunicheka wala hakunisema. Aliwaambia wenzake Jumamosi inayofuata tukutane kwenye yadi ya mwanachama mmoja, na kila mwenye koni au kisanduku cha kutengenezea michemraba aje nacho.

Pale yadini ndipo nilipojifunza nilichodhani nakijua tangu chuo. Koni ya kupimia ulaini wa zege ina kimo cha milimita 300, chini 200, juu 100. Unaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa chuma cha mviringo cha milimita 16 chenye ncha iliyochongwa duara, halafu unainyanyua taratibu, wima, bila kuizungusha. Mzee alinirudisha mara nne kwa sababu nilikuwa nainyanyua huku nikiipinda mkono wa kulia. Mchemraba nao ni matabaka matatu, kila tabaka angalau mara 35 kwa chuma cha mraba cha milimita 25. Ukimaliza unaufunika kwa gunia bichi mahali pa kivuli. Kesho yake unautoa kwenye kisanduku na kuuzamisha majini mpaka siku ya kupasuliwa.

Jumatatu nikaenda kumtazama kijana wetu wa vipimo bila kumwambia kitu. Alishindilia kwa kipande cha nondo, mara kumi hivi kwa mkupuo mmoja, kisha akaiacha michemraba juu ya jamvi, juani, haina hata mfuko wa saruji juu yake. Nikapata nafuu moyoni. Nikampigia mzee simu: tatizo ni michemraba, nguzo ziko salama! Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni nusu ya habari. Sasa kasimame kwenye mashine uhesabu ndoo za maji."

Nikasimama. Mchanganyiko wetu ulitakiwa kuwa lita 25 za maji kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5. Asubuhi walifuata. Ilipofika saa tano jua limekuwa kali, zege limeanza kuwa gumu kusukuma kwenye toroli, fundi akaanza kuongeza ndoo ndogo ya lita 10 kila mzunguko wa mfuko mmoja. Hapo uwiano umeshafika 0.7, na zege la namna hiyo linaweza kupoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Ukiliangalia kwa macho ni zuri kuliko la asubuhi, linateleza, linajaza kila kona. Fundi hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, na la kwanza lilikuwa linalificha la pili. Peke yangu ningeishia kwenye lile la kwanza na kulala usingizi.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi, na hapo tawi lilinibeba. Wanachama wawili walikaa na mimi jioni nzima tukiandika barua kwa mhandisi mshauri wa mradi. Walinifundisha kuandika tarehe, namba ya nguzo, vipimo, na ninachoomba kifanyike, bila kumlaumu mtu hata kwa neno moja. Nikaomba nguzo sita zitobolewe kwa mashine, vipande vya duara vipasuliwe maabara. Barua ikapita. Nguzo nne zikafaulu, mbili hazikufaulu. Zile mbili zikazungushiwa nondo mpya na kuvikwa zege jipya. Jamvi likachelewa wiki tatu. Bosi wangu hakunisemesha karibu mwezi mzima, na sitakudanganya kwamba mwezi ule ulikuwa mwepesi. Leo chini ya jengo lile kuna duka la dawa, nikipita pale huwa naingia.

Mdogo wangu, hicho ndicho ninachokiita kazi ya tawi: mahali ambapo unaweza kusema "sijui" mbele ya watu wanaojua, na kesho kibarua chako hakijaota nyasi. Koneksheni zipo, sikatai, na watu wamepata kazi kupitia pale. Lakini ukijiunga kwa ajili hiyo tu utachoka baada ya vikao vitatu.

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na watu wakapoteza maisha, kikao chetu kilichofuata viti havikutosha. Watu wazima, wenye mihuri yao, walisimama mmoja mmoja wakaeleza kitu walichokiona saiti wakakinyamazia. Sitaandika hapa yaliyosemwa. Tulikubaliana jambo moja: ya saiti ya mtu hayatoki nje kama umbea, lakini likiwa linahusu uhai wa watu, linaandikwa na kupelekwa kwa mamlaka husika, na tawi litasimama na aliyeandika. Tangu hapo vijana wanaokuja na karatasi zao kwenye "mengineyo" wameongezeka.

Kazi nyingine ninayoipenda ni ya milimani. Anayeijua Mwanza anajua nyumba zetu zilivyoning'inia kwenye mawe, Mabatini, Igogo, Isamilo. Kila kiwanja kimekatwa kwenye mteremko na kushikiliwa na ukuta wa mawe uliojengwa na fundi wa mtaani. Kabla ya mvua za masika tunakwenda na viongozi wa serikali ya mtaa, tunapita nyumba kwa nyumba kuangalia kuta hizo. Bure, na hatuuzi ramani.

Kuna mama mmoja ukuta wake ulikuwa na kimo cha mita 2 na nusu, umeanza kutoa tumbo katikati. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku tatu, lakini ukigusa mawe usawa wa goti ni mabichi. Fundi alikuwa ameweka mabomba sita ya kutolea maji, kazi nzuri kabisa. Matano yalikuwa yamezibwa kwa matambara. Tulipomuuliza akasema, "Wanangu, nyoka walikuwa wanaingia humo, nina wajukuu wadogo." Basi. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa kimo kile, yenyewe peke yake yanausukuma kwa karibu tani 3 kila mita moja ya urefu, bila kuhesabu msukumo wa udongo. Tukazibua, tukamkatia wavu wa chuma wa matundu madogo wa kufunga kwenye midomo ya mabomba, nyoka asipite na maji yapite. Ile sehemu iliyotoa tumbo ilibomolewa na kujengwa upya mwezi uliofuata, nyuma yake ikajazwa kokoto badala ya udongo mtupu. Mimi kwa miaka yangu yote minne ya chuo nilichora kuta za namna hiyo na mishale ya maji, na hakuna siku niliyofikiria kwamba mtu ana sababu ya kweli ya kuyaziba matundu yale. Sasa kila ninapochora naweka wavu kwenye mchoro.

Ziara nazo zipo. Tulikwenda Kigongo wakati daraja la kwenda Busisi linajengwa, lile la zaidi ya kilomita 3 lililofunguliwa Juni 19, 2025. Kuliona ni jambo moja, ila kwangu mimi ziara ilianza kwenye basi la kurudi. Kijana mmoja aliuliza kwa nini zege nene linaogopewa joto lake lenyewe, na tukabishana mpaka Mkolani: saruji ikishikana inatoa joto, katikati ya zege nene joto halina pa kutokea, nje kunapoa, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Mhandisi wa umeme aliyekuwa nasi akatueleza jinsi vipimajoto vinavyozikwa ndani ya zege na kusomwa kutoka nje. Usidharau kuwa basi moja na watu wa fani nyingine.

Shuleni tunakwenda mara mbili kwa mwaka. Watoto wa sekondari wanajenga madaraja kwa mabua ya mtama na gundi, tunayapakia matofali mpaka yavunjike. Mwaka juzi daraja lililoshinda lilikuwa la wasichana wa kidato cha pili, na lilishinda kwa sababu walifunga pembetatu kila mahali. Walikuwa hawajawahi kusikia neno la kitaalamu la kitu walichokifanya.

Upungufu upo, nisikufiche. Wanachama wengi tunaonekana pale tunapohitaji kitu, tukishapata tunapotea. Vikao zamani vilikuwa vya jioni, akina dada wenye watoto wachanga tukawa tunashindwa, ikabidi tuombe vihamie asubuhi, na vikahamia. Na tawi linakuwa hai au linalala kutegemea watu watatu au wanne wenye moyo. Ukifika kwenu ukakuta limelala, usiondoke. Tafuta mzee mmoja aliyestaafu, mwombe aje aonyeshe kitu kimoja kwa mikono yake. Watu watakuja.

Kuhusu ada: ya mhitimu ni ndogo kuliko ya mhandisi aliyekomaa, muulize katibu wa tawi lenu akupe kiasi cha mwaka huu. Kabla hujalipa hata shilingi, nenda vikao viwili kama mgeni. Beba daftari, na beba swali moja la kweli kutoka saiti yako, bila jina la mradi.

Kama uko Mwanza, Jumamosi hii asubuhi tunatengeneza michemraba tena yadini. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze. Koni ipo, visanduku vipo, wewe njoo na buti.