Akina William watatu wa Rotherhithe, yupi ni wetu?

SWALI: Mume wangu ni Mwingereza, nasi tunawaandalia watoto habari za ukoo wa upande wake. Babu yao wa mbali, William, alikuwa mpiga makasia katika mto Thames, London. Ndoa yake tumeipata: kanisa la St Mary, Rotherhithe, 1813, ila daftari halimtaji baba yake. Sensa ya 1841 inasema ana miaka 50, na kwenye safu ya kuzaliwa kaunti ile ile imeandikwa hapana. Alifariki kabla ya sensa ya 1851. Katika daftari za ubatizo za Rotherhithe tumekuta akina William watatu wa jina lile lile la ukoo, wa 1786, 1788 na 1796. Tumchukue yupi?

JIBU: Dada, kwa sasa msimchukue hata mmoja. Mmeanzia kwenye ubatizo mkitarajia kushuka hadi kwa William mtu mzima, na huko ndiko wengi wanakopotelea. Daftari la parokia hukuambia kwamba mtoto fulani alibatizwa. Halikuambii kama ndiye aliyekuja kushika kasia. Kwa mtu wa mtoni kuna kumbukumbu nyingine inayoziba pengo hilo, nitaifikia hivi punde.

Kwanza tuiangalie sensa, maana imewapa zaidi ya mnavyodhani. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyepita miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake. Kwa hiyo 50 ni yeyote wa kuanzia 50 hadi 54, aliyezaliwa kati ya 1786 na 1791 hivi. Si makarani wote waliotii, lakini huyo wa 1796 tayari anayumba.

Halafu lile neno hapana. Rotherhithe wakati huo ilikuwa ndani ya kaunti ya Surrey. Ng'ambo ya pili, Wapping, Shadwell na Limehouse zilikuwa Middlesex. Mpaka wa kaunti ulikuwa mto wenyewe, na watu hawa kazi yao ilikuwa kuuvuka mto huo kutwa nzima. Hapana hiyo haina maana kwamba William alitoka mbali. Huenda alizaliwa mahali panapoonekana kwa macho kutoka mlango wa St Mary. Kama karani aliandika kweli, basi wote watatu mliowapata si wenu. Yale maneno "wa parokia hii" kwenye daftari la ndoa yasiwababaishe: yanaeleza alikokuwa akiishi alipooa, hayahusiani na alikozaliwa. Na jina la baba halikosekani kwa uzembe wa mtu. Daftari za ndoa za Uingereza zilianza kudai jina na kazi ya baba Julai 1837, serikali ilipoanza kusajili vizazi, ndoa na vifo.

Sasa kumbukumbu za mtoni. Biashara ya kuvusha watu Thames ilikuwa chini ya Company of Watermen and Lightermen. Bunge liliunda chombo cha kuwasimamia wapiga makasia mwaka 1555, na watu wa matishari, waliobeba mizigo, wakaunganishwa nao 1700. Mtu hakuingia mtoni kwa kununua mashua tu. Alifungwa mkataba wa uanagenzi kwa bwana wake, kwa kawaida miaka saba, ndipo apewe uhuru wa kufanya kazi kwa jina lake. Vitabu vya mikataba hiyo vimesalia tangu 1688, na vya William wenu mtavikuta Guildhall Library, London.

Kila mwanagenzi ana mstari mmoja kitabuni: tarehe ya kufungwa, jina lake, jina la bwana wake, mahali, na mara nyingi tarehe ya kuachiwa huru. Ni mstari mfupi, lakini usomeni polepole. Wengi walifungwa wakiwa na umri wa miaka 14 hadi 20. Tuseme mmemkuta William aliyefungwa 1803: alizaliwa kati ya 1783 na 1789, na wa 1796 anatoka kabisa, maana angekuwa na miaka saba. Kisha tazameni jina la bwana. Kazi hii ilirithiwa; kijana alifungwa kwa baba yake, kaka yake, mjomba wake, hata kwa mama yake mjane aliyeendelea kushika wanagenzi wa marehemu. Jina la ukoo la bwana likiwa tofauti, litafuteni kwenye ndoa ya 1813 kati ya mashahidi, na kwenye ndoa za dada zake. Mara nyingi ni shemeji.

Wanagenzi wa jina moja wakitokea wawili, nendeni kwenye vitabu vya viapo. Tangu 1759 Kampuni ilitunza viapo vya kuthibitisha umri wa mwanagenzi, na uthibitisho wenyewe mara nyingi ulikuwa ubatizo: parokia gani, tarehe gani. Hapo ndipo kumbukumbu za mto zinapowarudisha kanisani, safari hii mkiwa na anwani mkononi. Ningekuwa na siku moja tu ya kukaa maktaba, ningeitumia kwenye viapo.

Mkishapata parokia, fungueni na daftari la mazishi kabla ya kushangilia. Mtoto akifa mchanga, wazazi wa siku zile hawakuona ajabu kumpa mdogo wake jina lile lile. Linganisheni majina ya baba na mama kwenye ubatizo wa 1786 na wa 1788. Wakiwa wazazi ni wale wale, tafuteni kaburi la mtoto William katikati ya tarehe hizo, na watatu wenu watakuwa wawili. Angalieni pia kama kasisi aliandika tarehe ya kuzaliwa pembeni, kwa sababu wapo waliobatizwa wakubwa, pengine na wadogo zao siku moja.

Kuhakikisha kwamba William aliyeoa ndiye aliyekuwa mwanagenzi, tumieni ubatizo wa watoto wake. Bahati iko upande wenu. Tangu Januari 1813 sheria ililazimisha makanisa ya Anglikana kutumia fomu zilizochapwa, watoto wanane kwa ukurasa, zenye safu ya makazi na safu ya kazi ya baba. Mtoto wake wa kwanza huenda akawa kwenye kurasa za mwanzo kabisa za fomu hizo. Mnatafuta neno waterman, yaani mpiga makasia. Mkikuta lighterman ni mtu wa matishari, bado ni wa Kampuni ile ile, na watu walihama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Mkikuta mariner mfululizo, huyo ni baharia, yaelekea mmeshika mtu mwingine.

Isipokuwa jeshi la majini lilimchukua. Vita na Ufaransa, kuanzia 1793 hadi 1815, vilimeza vijana wengi wa Thames, na wapiga makasia walikuwa windo la kwanza la vikosi vya kukamata watu kwa nguvu. Mkimwona amefungwa lakini hana tarehe ya uhuru, au uhuru umechelewa miaka kadhaa, jina lake huenda limo kwenye orodha za mabaharia wa meli za kivita, The National Archives, Kew. Tangu 1764 orodha hizo zina safu ya umri na mahali pa kuzaliwa. Ila mpaka mjue jina la meli, ni kazi ya kuchosha, msianzie huko.

Na kama kuna shangazi anayesimulia kwamba babu alishinda koti na beji ya Doggett, mashindano ya makasia ya vijana waliotoka uanagenzini, hilo halihitaji mabishano. Yalianza 1715 na orodha ya washindi ipo.

Baba wa William akitokea kuwa mtu wa mto naye, rudieni njia ile ile: uhuru, mkataba, kiapo, ubatizo. Mnaweza kupanda hivyo kizazi baada ya kizazi hadi 1688. Juu ya hapo vitabu vya mikataba havipo (jumba la Kampuni liliungua katika moto mkuu wa London wa 1666), na mtabaki na daftari za parokia peke yake, ambazo makasisi waliamriwa kuanza kuzitunza mwaka 1538. Kumbukeni tu kwamba hadi 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1740 ya daftarini kwetu ni Februari 1741.