Siku tatu London na mfuko mwepesi

Ndugu yangu, umeuliza kama siku tatu London zinatosha kuona cha maana bila kumaliza akiba, na kama ulipie yale mabasi ya watalii. Usilipe kabisa. Panda basi la kawaida namba 15 pale Trafalgar Square, kaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Utapita Strand, Fleet Street, kanisa la St Paul's mpaka ngome ya kale ya Tower of London kwa nauli moja, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hukatwi tena. Pesa taslimu hazipokelewi kwenye mabasi hayo tangu 2014, kwa hiyo hakikisha kadi yako ya benki ni ya kugusisha kwenye mashine (contactless).

Makumbusho makubwa hayana kiingilio, na hapo ndipo London inaponifurahisha. British Museum peke yake inakula nusu siku. Fika mlango ukifunguliwa, nenda moja kwa moja kwenye jiwe la Rosetta, lile jiwe la kale la Misri lenye maandishi, kabla watu hawajalizunguka. Sogea karibu na kioo: maandishi ni ya aina tatu, ya Kigiriki yako chini, na kona ya juu imevunjika. National Gallery na Tate Modern nazo ni bure.

Ukitaka kuona jiji kutoka juu, Sky Garden, bustani iliyo juu ya jengo refu, ghorofa ya 35, ni bure, ila weka nafasi mapema mtandaoni. Ukikosa, panda kilima cha Greenwich jioni.

Chakula nunua supamaketi, ukale bustanini. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako.