Mtoto kusafiri peke yake kupitia Dubai

Dada, mwanao wa miaka 8 hataachwa azurure Dubai akisubiri ndege ya London. Emirates wana huduma ya kulipia kwa watoto wa miaka 5 hadi 11 wanaosafiri bila mkubwa, na pale Terminal 3 wana chumba chao cha kupumzikia. Iombe mapema, unapokata tiketi.

Kazi ipo kwenye fomu. Jina la shangazi yake anayempokea liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Akitokea mtu mwingine, hata awe mjomba wa damu, hawamtoi mtoto. Nawe usiondoke uwanjani Dar mpaka ndege iruke. Sweta mwekee kwenye begi la mkononi, baridi ya mle ndani si mchezo.