Usilipe amana ya nyumba hiyo kabla majirani hawajatia sahihi

Ndugu, usilipe. Umeandika kwamba umepata nyumba ya vyumba sita Lavington, Nairobi, unataka kuifanya makao ya wazee wanane, hatimiliki ina sharti la "nyumba moja ya familia moja", na dalali amekuhakikishia kwamba idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi ya ardhi italifuta. Umeuliza pia kuhusu leseni na wauguzi wa zamu. Mimi nitazungumzia sharti hilo, kwa sababu maneno ya dalali wako ndiyo niliyoyaamini mwaka wa 2021 niliponunua nyumba Loresho.

Upekuzi wa ardhi ulionyesha mstari mmoja tu, kwamba ploti inafuata masharti yaliyomo katika hati ya uhamisho ya zamani, na namba ya hati hiyo ikatajwa. Sikuitafuta. Wakili wangu, ambaye nilimlipa ili anisomee mambo kama hayo, alisema kwamba hiyo ni lugha ya kawaida ya hati za zamani. Mtaalamu wa mipango naye akaniombea idhini chini ya sheria ya mwaka wa 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi, tangazo likawekwa langoni, idhini ikatoka, nikapanua milango ili viti vya magurudumu vipite, nikajenga vishikio bafuni na kuwapokea wazee watano.

Mwezi wa nne majirani wawili walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi wakiwa na hati ile ambayo sikuisoma. Kaunti ilikuwa imeamua kama mipango ya mji inaruhusu makao hayo. Lakini sharti kama lako ni ahadi ambayo wenye ploti zilizokatwa kutoka ploti mama moja walipeana, na kuifuta hakukuwa mikononi mwa kaunti. Kanuni hiyo ni ya tangu 1848, katika kesi ya Uingereza kuhusu bustani ya Leicester Square, London: anayenunua ardhi huku akijua kuna ahadi ya namna hiyo hufungwa nayo, hata kama si yeye aliyeahidi. Mahakama ilitoa zuio, yaani amri ya kunikataza kuendesha makao hayo. Niliwapigia simu watoto wa wazee watano, mmoja baada ya mwingine, nikiwaomba waje kuwachukua wazazi wao, na bado nina hasira na wakili yule kwa ajili ya simu hizo kuliko kwa ajili ya fedha.

Mama mmoja jirani aliniambia baadaye kwamba angekubali, ila alipata habari kwa kulisoma tangazo langoni kama mpita njia.

Kwa hiyo itafute hati yenyewe, ujue ni ploti zipi zinazonufaika na sharti, kisha uwatembelee wenyewe nyumbani kwao. Usiwaombe wafute sharti lote. Waombe hati ya kulirekebisha inayotaja idadi ya wazee, inayosema kwamba magari ya wageni yataegeshwa ndani ya ua na kwamba hakutakuwa na bango barabarani, na inayokoma utakapouza nyumba. Kila mmoja atie sahihi, na hati isajiliwe. Masharti ya serikali yaliyo ndani ya hati ya ukodishaji wa miaka 99, kama yapo, yana njia yake tofauti. Jirani mmoja akikataa kabisa, iache nyumba hiyo ukatafute nyingine, hata kama dalali ataapa kwamba kuna mnunuzi mwingine anayengoja.