Gari la salveji lenye kilomita chache

Ndugu, umeuliza kama gari lenye hati ya salveji, yaani lililoharibika hadi bima ikalifuta, lakini lililotembea kilomita chache tu lafaa kununuliwa. Kilomita hizo zisikulevye. Hazikuelezi gari lilipatwa na nini hadi kampuni ya bima ikaona kulitengeneza hakulipi. Hilo ndilo la kuuliza kwanza, na picha za kabla ya matengenezo uzidai.

Kama ni mvua ya mawe, au liliibwa likapatikana, mimi ningeendelea na mazungumzo. Kama ni mafuriko, achana nalo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: doa la tope huweza kubaki pale ambapo muuzaji hakufikiria kuosha. Inua kapeti, papasa reli za viti kama zina kutu. Maji yakishaingia kwenye nyaya, hitilafu huweza kuibuka miezi kadhaa baadaye, ukiwa barabarani na watoto.

Liligongwa? Chesisi ipimwe na fundi wako, si wa muuzaji. Ukiwasha swichi, taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa) iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imechomolewa kuficha kwamba eabegi zilizofyatuka hazikurudishiwa.

Na kabla hujalipa, ulizia bima kubwa. Kampuni kadhaa hukataa magari haya.