Nguruwe mwenye punje nyeupe, na swali la kifafa

Mkuu, umeuliza mambo mawili: nguruwe aliyekutwa na punje nyeupe kwenye nyama, akipikwa sana analiwa? Na je, ni kweli kitimoto huleta kifafa? Naanza na la pili, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Nyama yenye punje isiyoiva inakupa tegu, mnyoo wa utumbo mwenye urefu wa mita 2 hadi 7. Anaweza kukaa tumboni miaka bila kukusumbua, huku vipande vyake vilivyojaa maelfu ya mayai vikitoka na kinyesi. Kifafa chanzo chake ni mayai hayo. Mtu akiyameza, yanaanguliwa utumboni, lava (watoto wa mnyoo) wanapenya hadi kwenye damu na kwenda kujenga vifuko kwenye misuli, macho au ubongo. Kwa hiyo mtoto ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuanguka kifafa kwa sababu tu anayempikia ana tegu na hanawi kwa sabuni akitoka chooni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yaliyoathirika, mnyoo huyu husababisha takriban asilimia 30 ya kifafa. Pale kwenye kitimoto, kwa upande wa ubongo, kachumbari iliyokatwa kwa mikono michafu ina hatari kuliko nyama yenyewe.

Sasa punje. Ni vifuko vya maji vya nusu sentimita hadi sentimita moja, na ndani kuna kidoa cheupe. Moto ukifika katikati ya nyama hufa, lakini pande kubwa la choma huungua nje likabaki na wekundu ndani. Nguruwe aliyejaa punje mzike, usimpeleke jikoni. Ukaguzi wa ulimi, yaani kutafuta punje kwenye ulimi wa nguruwe aliye hai, humnasa yule aliyejaa tu. Mwenye punje chache anapita, na hata machinjioni anapita, kwa kuwa mkaguzi hukata sehemu chache.

Kwa nguruwe walio hai, dawa ni oksfendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo, mara moja kwa mdomo. Ya maji ya asilimia 10 ni mililita 3 kwa kila kilo 10 za uzito, yaani nguruwe wa kilo 40 apate mililita 12. Wengi wanakosea kwa kukisia uzito chini, au kuchanganya dawa na pumba, mmoja akala ya wenzake. Mpe kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, taratibu asipaliwe. Usikimbilie kuchinja: zaidi ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, punje zilizokufa huchukua hadi miezi mitatu kufifia, na mnunuzi akiziona atakataa nyama. Chanjo ya TSOL18 huzuia maambukizi mapya tu, haiui punje zilizokwisha kuingia, na inahitaji dozi mbili zinazopishana wiki tatu hadi nne. Ndiyo maana huenda pamoja na dawa. Na nguruwe wa kuzurura atakula kinyesi vichakani, hivyo banda na choo ni kazi moja.

Kwa binadamu, usinunue dawa ya tegu kiholela. Prazikwanteli, ile ile ya kichocho, hupita hadi kwenye ubongo na inaweza kuamsha degedege kwa mtu mwenye vifuko asivyovijua. Aliyewahi kuanguka, au anayeumwa kichwa kikali kisichoisha, aseme kabla ya kumeza. Niklosamidi karibu yote hubaki utumboni, kwa hiyo hofu hiyo ni ndogo. Na usiamini sana choo kilichopimwa kwa hadubini mara moja: mayai hayatoki kila siku, na ya tegu wa nguruwe hayatofautiki kwa macho na ya tegu wa ng'ombe.

Kinachoniuma ni kwamba hospitali inaona kifafa, bwana mifugo anaona punje, na daftari zao hazikutani. Mtandao wa CYSTINET-Africa uliwaunganisha watafiti wa Tanzania, Zambia, Msumbiji na Ujerumani, wa binadamu na wa mifugo pamoja, na huo ndio mwelekeo. Huko Tumbes, Peru, walitibu watu, wakatibu na kuchanja nguruwe kwa wakati mmoja, na maambukizi yakakatika katika vijiji karibu vyote. Hapa kwetu ukimkuta nguruwe mwenye punje, usiishie kwa bwana mifugo. Nenda na zahanati, kwa sababu mwenye tegu aliyemwambukiza yuko jirani na banda hilo.